SIKUKUU HUPIKWA NA NANI?

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Desemba, barabara itokayo Mwanza kwenda Sirari hujaa watu warudio kwao. Mabasi yaliyotoka Dar es Salaam yakapita Dodoma, Singida na Shinyanga hufika Lamadi abiria wakiwa wamevimba miguu; hushusha watu Bunda, hushusha wengine Makutano waendao Butiama, na yale yaingiayo Musoma husimama pale ambapo nchi kavu imekwisha na ziwa limeanza. Ashukaye hushuka na mfuko wa sukari, kilo kadhaa za mchele, doti ya kanga kwa mama yake na, akiwa amepata nafasi, mkate wa mjini uliokwisha bondeka njiani. Awe kuli wa bandarini, mwalimu, karani au dereva, siku hiyo hana cheo. Ni mtoto aliyerudi nyumbani, na nyumbani wamemngoja.

Nasi twafurahi pamoja naye. Mtu aliyetumika mwaka mzima ana haki ya kukaa chini ya mwembe wa baba yake na kuletewa chai. Lakini leo twataka kuuliza swali ambalo ni nadra kuulizwa mbele ya sinia la pilau: sikukuu hii imepikwa na nani, naye alianza kuipika lini?

Swali la pili ndilo litakalowashangaza wengi. Mgeni hudhani kwamba mapishi ya Krismasi huanza asubuhi ya tarehe 24, kuku wanapokamatwa. Aulizaye vizuri ataambiwa kwamba yalianza Novemba, juu ya jabali.

Aijuaye Musoma ayajua majabali yake, yale mawe makubwa ya kijivu yaliyorundikana kandokando ya ziwa na katikati ya nyumba kama kwamba yalimwagwa hapo. Mtalii huyapiga picha. Mama wa nyumba huyatazama kwa jicho jingine, kwa kuwa ndiyo maanikio yake ya udaga. Mihogo michungu ya pwani hii ya ziwa ina sumu. Huwezi kuing'oa leo ukaila leo. Sharti imenywe, ivundikwe siku kadhaa mpaka ilainike na kuota ukungu, ukungu ukwanguliwe, ipondwe, kisha ianikwe juani mpaka ikauke kabisa. Hapo tu ndipo iendapo kinuni au mashineni, ikachanganywa na mtama, ukapatikana unga wa ule ugali mzito wa rangi ya udongo ambao mtoto wa Mara aliyeko Dar es Salaam huuota usiku.

Sasa Novemba na Desemba ndiyo miezi ya mvua za vuli. Kwa hiyo mwanamke aliyeanika udaga hafanyi kazi nyingine kwa moyo uliotulia. Wingu likitanda juu ya ziwa, huacha jembe, huacha chungu, na pengine humwacha mtoto akilia, akakimbilia jabalini kuanua. Maana udaga ulionyeshewa huwa mweusi na ugali wake hunuka. Jua likirudi, huanika tena. Huenda akapanda na kushuka mara tatu kwa siku moja. Kazi hii haina zamu wala malipo ya saa za ziada, na hatujapata kusikia kwamba kuna chama cha wafanyakazi kilichoidai.

Kando ya udaga kuna ulezi. Ulezi wa togwa hauchukuliwi dukani ukapikwa siku ile ile. Sehemu yake hulowekwa, ikafunikwa mpaka iote, ikakaushwa na kusagwa kuwa kimea. Ndipo uji upikwe, upoe, utiwe kimea, uachwe upate utamu wake. Mzee anyweaye kata moja na kupangusa midomo amekunywa kazi ya juma zima.

Samaki nao wana habari yao. Sato wa sikukuu huagizwa mapema kwa wavuvi wa Mwigobero, kwa kuwa bei hupanda kadiri siku zinavyokaribia. Vijana wengi hufikiri kwamba sato ndiye samaki wa mababu. Sivyo. Sato na sangara waliletwa katika ziwa hili wakati wa miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960. Samaki aliyeheshimiwa na mabibi zetu alikuwa ngege, ambaye leo ni shida kumpata. Sangara akaongezeka mno katika miaka ya 1980, vikaja viwanda vya minofu, na minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya. Mama wa ufukoni alibakiwa na mifupa na vichwa, yaani mapanki, akavikaanga, akavikausha, akalisha watoto na kuuza vilivyosalia. Twalisema hili kwa wale wanaodhani kwamba mpishi wa kijijini hupika tu kile alichokikuta. Mara nyingi hupika kile alichoachiwa.

Ongeza juu ya hayo shamba. Bunda ni nchi ya pamba, na pamba ya kanda hii hupandwa kuanzia katikati ya Novemba. Juma lile la Krismasi ambalo mfanyakazi wa mjini yuko likizo ndilo juma la palizi. Ukipita kati ya Bunda na Nyamuswa asubuhi ya tarehe 24 utawaona wanawake mistarini wakilima kwa haraka ili wawahi kurudi jikoni. Wageni watakapoamka saa tatu na kuuliza chai, mama yao atakuwa amekwisha maliza nusu ya siku.

Haya si mambo mapya, wala si sisi tuliokuwa wa kwanza kuyasema. Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote katika nchi hii, pengine saa 12 au 14 kwa siku, na kwamba hawapumziki hata Jumapili na sikukuu. Likaongeza kwamba wanaume wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Wanachama wengi wanaikumbuka sehemu ya mabenki na viwanda. Ile sehemu ya likizo huonekana imesahauliwa, hasa na wale waliokuwa wakiambiwa.

Hatushangai kwamba aliyeyaandika maneno hayo alitoka Butiama. Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa mwaka 1922 katika mji wa Mtemi Burito wa Wazanaki, aliyekuwa na wake 22. Mama yake, Mugaya wa Nyang'ombe, alikuwa wa tano. Mtoto aliyekulia katika mji wa namna hiyo hakuhitaji kitabu kumfundisha nani hulima na nani hukaa kikao. Alichunga mbuzi na ng'ombe, akamsaidia mama yake shambani, akaona. Alipokwenda Makerere mwaka 1943 aliandika huko insha juu ya uhuru wa wanawake, akiyachukua mawazo ya John Stuart Mill na kuyapima kwa maisha ya Uzanaki. Naye alibatizwa Nyegina, karibu na Musoma, tarehe 23 Desemba mwaka huo huo wa 1943, siku mbili kabla ya Krismasi. Twapenda kufikiri kwamba alipoketi kula sikukuu ile ya kwanza, alijua vema chakula kilikotoka.

Leo watu huenda Butiama kuzuru kaburi lake pale Mwitongo, nao hutembelea makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1999. Ni jambo jema. Lakini mtu hawezi kuweka shada la maua kaburini saa nne, akarudi nyumbani saa sita akaketi kungoja maji ya kunawa yaletwe na dada yake aliyeamka saa kumi usiku, kisha akajiita mfuasi.

Wapo watakaosema kwamba mambo hayo yalikuwa ya zamani. Takwimu za taifa za mwaka 2014 zilionyesha kwamba wanawake wa Tanzania walitumia asilimia 16.5 ya muda wao katika kazi za nyumbani na za kulea ambazo hazina malipo, na wanaume asilimia 4.4. Hiyo ni kama saa nne kwa saa moja. Nayo ni hesabu ya siku za kawaida. Ya Desemba kila msomaji anaweza kuijumlisha mwenyewe nyumbani kwake.

Kuna na moshi. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, ikikusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa wa ovyo. Twaunga mkono. Lakini na isemwe kweli: ule mtungi mdogo wa gesi ambao mtoto humletea mama yake kutoka mjini huchemsha chai, hupasha mboga, basi. Ugali wa watu 30 hausongwi juu yake. Siku ya sikukuu mafiga matatu hurudishwa uani, magogo huletwa, na mama huinama katika moshi ule ule aliouinamia bibi yake. Anayetaka kumpunguzia moshi mama yake na amjengee jiko kubwa lenye dohani. Hata kabla ya hapo, anaweza kuchukua shoka. Kupasua kuni hakujapata kumpunguzia mtu uanaume wake.

Tumesema habari za jikoni kirefu. Sasa tuingie sebuleni, kwa maana huko nako kuna kazi ya mikono. Mgeni aingiapo katika nyumba ya Musoma wakati wa Krismasi hukuta makochi yamevikwa vitambaa vyeupe vilivyofumwa, meza imetandikwa kingine chenye maua pembeni, na hata redio na televisheni zina vyao. Ni jambo lililozoeleka hata hatulioni. Kila kitambaa kimefumwa kwa sindano yenye kidomo kama ndoano, kitanzi ndani ya kitanzi, jioni baada ya jioni, aghalabu kwa mwanga usiotosha. Mabibi hufuma na kwa sindano mbili: kofia na sweta za vitoto vichanga, kwa kuwa Krismasi ndiyo siku ya kuwapeleka wajukuu wapya kuonwa na ukoo, na mjukuu hawezi kupokewa bila ya kitu cha bibi yake mwilini.

Ufumaji huu una historia. Katika miaka ya 1950 vilabu vya wanawake chini ya serikali ya kikoloni vilifundisha kufuma, kushona na kuoka keki, na wako waliovicheka, wakisema kwamba mwanamke anayelima ekari tatu hakuhitaji kufundishwa keki. Walikuwa na haki kwa sehemu. Lakini mikono ya akina mama iliuchukua ufundi ule ikauelekeza ilikotaka. Umoja wa Wanawake ulipoundwa mwaka 1962, chini ya uongozi wa Bibi Titi Mohamed, vikundi vya kushona na kufuma vilikuwa mahali ambapo wanawake walikutana bila ya kuomba ruhusa, na penye sindano na uzi palisemwa mengi yasiyohusu sindano na uzi.

Kisha ikaja miaka ya shida. Wenye umri wa kukumbuka mwanzo wa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, wajua ilivyokuwa: sukari haipo, mafuta ya kupikia hayapo, sabuni haipo, nguo zafuliwa kwa majani ya mpapai. Krismasi hazikufutwa. Sweta kuukuu zilifumuliwa, uzi ukaoshwa, ukanyoshwa, ukafumwa tena kwa mtoto mwingine. Chai ilinyweka kwa viazi vitamu badala ya mkate. Katika nyumba nyingi watoto wa wakati ule hawakumbuki kwamba walikuwa na upungufu, na hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote tuwezayo kuwapa mama zao.

Neno moja juu ya uzi. Pamba ya Bunda huvunwa, huchambuliwa, na sehemu kubwa ya pamba ya nchi hii huuzwa nje ikiwa marobota. Musoma yenyewe ilijengewa kiwanda cha nguo, MUTEX, ili pamba ya Mara ipate kuwa kitambaa papa hapa Mara. Lakini mama wa Bunda aliyepalilia pamba asubuhi hununua dukani uzi wa kufumia uliotoka ng'ambo, kisha akiuza kitambaa chake sokoni mnunuzi humwambia kwamba ni ghali, kwani ni kazi ya jioni tu. Mfanyakazi wa kiwandani angeambiwa hivyo angegoma.

Sasa tumefika mahali pagumu. Katika mkoa wa Mara haiwezekani kuandika juu ya sherehe za familia za Desemba tukanyamazia sherehe moja. Shule zikifungwa, katika baadhi ya jamii, hasa upande wa Tarime na Serengeti, na katika baadhi ya vijiji vya Butiama pia, huwa ndio wakati wa kukeketa wasichana. Sherehe hizo nazo hupikwa. Ng'ombe huchinjwa, pombe huwekwa, ndugu hualikwa, msichana hufungwa kanga mpya na kutunzwa fedha. Kwa macho ya mpita njia ni furaha kama furaha nyingine. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba wanawake waliokeketwa nchini walikuwa asilimia 10. Katika Mara walikuwa asilimia 32. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 imekataza jambo hilo kwa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini sheria hailali katika kila nyumba.

Tumeuliza nani hulipa gharama ya sikukuu. Hapa mlipaji ni mtoto, naye hakuulizwa. Ndiyo sababu wako wasichana ambao kwao Desemba ni mwezi wa kukimbia. Hukimbilia polisi, kwa walimu, kwa wachungaji, na katika nyumba salama zilizoko Mugumu na wilayani Butiama, zinazoendeshwa na shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania lililoanzishwa na Bi Rhobi Samwelly, ambaye yeye mwenyewe alikeketwa akiwa msichana na nusura afe. Nyumba hizo hujaa mwezi huu. Humo wasichana hula sikukuu mbali na mama zao. Wamo wanaojifunza ushonaji. Kile kitambaa ambacho wenzao wanakifuma kwa ajili ya kochi la nyumbani, hawa wanakishona ili wapate njia ya kuishi ikiwa nyumbani hapatarudika.

Ndugu mfanyakazi utakayepanda basi mwezi huu, una sauti katika ukoo wako. Mwenye mshahara husikilizwa. Hata wazee humgeukia aseme. Ikiwa kuna mpango wa namna hiyo juu ya mdogo wako au binti wa ndugu yako, wewe ndiwe ambaye utaombwa kuchangia ng'ombe. Basi kataa kuchangia, useme kwa nini, na useme mbele ya watu. Na usiseme kwamba hayo ni mambo ya wanawake, kwa kuwa mahari huhesabiwa na wanaume.

Mwaka jana, tarehe 26 Desemba, siku ya kupeana zawadi, tulikuwa wageni katika nyumba moja ya Bunda. Karamu ilikuwa imekwisha jana yake, na uani palikuwa na sufuria za watu 40 hivi, nyeusi kwa masizi, ugali umeganda kama saruji. Mwenye nyumba, mama mtu mzima, alikuwa ameketi ukutani na miguu ameinyosha, akifumba macho. Mwanawe wa kiume, mfanyakazi aliyekuja kutoka Mwanza, alitoka ndani akazitazama sufuria kwa muda. Kisha akakunja suruali, akavuta kigoda, akachota maji. Wifi zake wakacheka. Jirani aliyekuwa akipita na baiskeli akasimama kabisa.

"Acha, mwanangu," mama yake akasema. "Watoto watakuja kuosha."

"Pumzika tu, mama."

Akasugua kwa mkono mtupu, masizi yakakataa. Akatazama huku na huku. Alikuwa na umri wa miaka 40 na zaidi, amezaliwa katika nyumba ile na kulishwa kutoka katika sufuria zile, na ilimbidi amwulize mama yake majivu ya kusugulia huwekwa wapi.